Hili Si Jino

Harriet alikuwa mkulima wa Merikit, kijiji cha Tororo, Uganda. Alilima karanga na mtama pamoja na mume wake, Bartholomew. Siku za soko alikaanga karanga, akazifunga kwenye vikaratasi na kwenda kuziuza Malaba. Malori husimama foleni huko yakingoja kuvuka mpaka wa Uganda na Kenya. Madereva hushuka, hunyoosha miguu na kutafuta kitu cha kutafuna. Harriet alizungumza nao Kiswahili. Nyumbani familia ilizungumza lugha yao, Dhopadhola.

Watu wa soko walimjua Harriet kwa jambo moja. Akisema hapana, ni hapana.

Binti yake Aboth alikuwa na miaka sita. Kazi yake ilikuwa kuchambua karanga. Alichambua moja, akala moja, na mama yake alimgombeza kila siku.

Asubuhi moja Harriet aliona Aboth anachambua karanga bila kula.

"Leo umeshiba?" aliuliza.

"Jino linauma, mama."

Harriet alimtazama vizuri. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba kidogo. Jino moja la nyuma lilikuwa limelegea. Bartholomew alimpakia mtoto kwenye pikipiki, akampeleka kwa mtu wa kung'oa meno pale sentani, penye maduka. Jino likang'olewa. Yule mtu alisema uvimbe utaisha.

Haukuisha. Shavu lilizidi kujaa. Meno mengine yakalegea. Walirudi, jino la pili likang'olewa. Uvimbe ukaendelea kupanda, mpaka jicho la kushoto likaanza kusukumwa nje. Aboth hakuweza tena kula. Alikunywa uji tu, kidogo kidogo.

Ndipo akaja Ofumbi, kaka mkubwa wa Bartholomew. Tangu baba yao afariki, neno la Ofumbi ndilo lilikuwa la mwisho katika ukoo.

"Hii si kazi ya hospitali," Ofumbi alisema. "Kuna mzee upande wa Kenya. Anachanja uvimbe kwa wembe na kuweka dawa ya mizizi. Jumamosi tunampeleka huko."

"Hapana," Harriet alisema.

Ofumbi alimgeukia. "Umesema nini?"

"Nimesema hapana, shemeji. Mtoto ameng'olewa meno mawili na uvimbe bado unakua. Jana jicho lilikuwa linafunga vizuri. Leo halifungi. Hili si jino. Na huo wembe utajuaje ni kitu gani?"

"Hapa nani anaamua?"

"Ukoo ni wenu," Harriet alijibu. "Mtoto nimezaa mimi. Kesho nakwenda naye kituo cha afya. Anayetaka kunizuia alale mlangoni."

Bartholomew alikuwa anatazama chini. Ofumbi aliondoka bila kuaga.

Asubuhi Harriet alimfunga Aboth mgongoni, akatoka nje akiwa tayari kutembea mpaka huko. Bartholomew alikuwa ameshatoa pikipiki. Injini ilikuwa inanguruma.

"Pandeni," alisema.

Katika kituo cha afya walipokewa na nesi Hamidah, mwenyeji wa Tororo mjini. Alimkalisha Aboth kwenye benchi. Akaangalia ndani ya mdomo wake. Akagusa shavu, shingo na tumbo. Akauliza uvimbe ulianza lini na unakua kwa kasi gani. Kisha akavuta kiti, akaketi karibu na Harriet.

"Mama Aboth, sitakuficha. Nadhani hii ni kansa."

Harriet alimshika mtoto kwa nguvu. "Kansa ni ugonjwa wa watu wazima."

"Watoto pia wanapata. Hii ninayofikiria inaitwa Burkitt. Inaonekana zaidi katika sehemu zenye malaria nyingi, kama hapa kwetu, na ng'ambo Kenya mpaka kule ziwani. Mara nyingi inaanza kwenye taya. Watoto wengine wanavimba tumbo. Inakua haraka sana. Haiambukizi, na si uchawi."

"Inaua?"

"Ikiachwa, inaua. Ikitibiwa mapema, na matibabu yakamalizwa, watoto wengi wanapona. Umenisikia? Wengi wanapona."

"Yule wa meno hakujua. Wewe umejuaje?"

"Nilifundishwa," Hamidah alisema. "Zamani ningempa dawa ya maumivu na kuwarudisha nyumbani. Lakini sasa hospitali za Uganda, za Kenya na chuo kimoja cha Ulaya zinafanya kazi pamoja. Walikusanya manesi wa vituo vya mpakani. Mimi nilisoma upande wa Busia, darasa moja na manesi wa Kenya. Walimu walitoka nchi zote hizo. Ugonjwa huu hausimami Malaba kuonyesha pasipoti, dada. Sisi kwa nini tujifungie kila mtu na nchi yake?"

Hamidah akapiga simu hospitali kubwa. Siku hiyo hiyo Harriet na Aboth wakasafiri.

Huko walikutana na daktari wa kansa za watoto, Dokta Damalie. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ndogo.

"Hapa hatutibu kwa kudhani," alimwambia Harriet. "Kwanza tutampa dawa ya usingizi na kuchukua kipande kidogo cha nyama kutoka kwenye uvimbe. Tutakitazama kwenye maabara."

Kipande kilitazamwa. Picha zake zilitumwa kwa mtandao kwa wataalamu walioko Kenya na Ulaya. Wote walisema jambo moja. Ilikuwa Burkitt.

"Tunaanza dawa leo," Dokta Damalie alisema. "Inapita kwenye mshipa. Atatapika. Nywele zitatoka, kisha zitaota tena. Atarudi hapa mara kadhaa, na hata mara moja haifai kurukwa."

Kabla dawa haijaanza, akaja kijana mmoja aliyeitwa Mubarak. Alikuwa mfanyakazi wa utafiti. Alishika karatasi na kidau cha wino.

"Mama, weka kidole hapa."

"Ni ya nini?"

"Ni ya damu ya mtoto. Ni kawaida tu."

"Kawaida ya nani?"

Mubarak alitabasamu. "Mama, wengine wote wameweka."

Sokoni Malaba, Harriet alikuwa amesikia maneno mengi. Watu walisema damu ya watoto inapelekwa ng'ambo na kuuzwa. Alikunja ngumi, kidole gumba kikiwa ndani.

"Mimi si wengine wote," alisema. "Siweki."

Mubarak akaondoka. Harriet aliwaza, sasa watamnyima mtoto dawa. Lakini hakufungua ngumi. Baada ya muda mfupi nesi wa wodi alileta chupa ya dawa, akaitundika, na dawa ikaanza kushuka kwenye mshipa wa Aboth.

Jioni Dokta Damalie alikuja pamoja na Mubarak. Aliketi pembeni mwa kitanda.

"Umekataa kuweka kidole."

"Nimekataa."

"Ulifanya sawa. Mtu asikubali kitu ambacho hajaelezwa. Kosa ni letu. Sasa acha nikueleze, na wewe uniulize." Akaendelea, "Matibabu ni kitu kimoja. Utafiti ni kitu kingine. Ukikataa utafiti, matibabu ya Aboth hayabadiliki hata kidogo. Ukikubali leo, unaweza kujitoa kesho, na hakuna atakayekuuliza sababu."

"Hiyo damu inakwenda wapi?"

"Tunachukua kidogo tu, kama kijiko kimoja cha chai. Sehemu inabaki maabara yetu hapa. Sehemu inakwenda kwa wenzetu Kenya na Ulaya, kwa sababu wana mashine ambazo sisi bado hatuna. Vijana wetu wako huko, wanajifunza kuzitumia ili kazi hiyo ifanyike hapa. Jina la mtoto haliandikwi. Inaandikwa namba."

"Itauzwa?"

"Hapana. Mkataba unakataza, na hapa Uganda kuna kamati inayotuchunguza. Hata mimi naweza kusimamishwa kazi."

"Mnatafuta nini ndani yake?"

"Tunajua malaria inahusika na ugonjwa huu. Kuna pia kirusi ambacho karibu kila mtoto wa hapa anakipata. Lakini watoto wengi wanapata vyote viwili, na wachache tu wanapata kansa. Kwa nini huyu, na si yule? Bado hatujui. Nchi moja haiwezi kulijibu swali hili peke yake. Wagonjwa wako hapa na Kenya. Baadhi ya mashine ziko mbali. Lazima tuunganishe."

Harriet alimtazama Aboth aliyekuwa amelala. Kisha akamgeukia daktari.

"Sawa. Na mkijua, nani ataniambia mimi? Mnakuja, mnachukua, mnakwenda. Wakubwa wa ng'ambo watasoma. Merikit watasoma nini?"

Mubarak alitazama viatu vyake.

"Wewe unataka nini?" daktari aliuliza.

"Mje Merikit. Mtuambie mlichopata, kwa lugha yetu. Hata kama hamkupata kitu, mje mseme hivyo."

"Hilo ni deni letu," daktari alisema. "Tutakuja."

Kesho yake Mubarak alimsomea Harriet karatasi yote polepole, mstari kwa mstari. Harriet alimkatiza mara nyingi. Walipomaliza, Mubarak alisogeza wino. Harriet aliusukuma pembeni.

"Nipe kalamu. Nina jina."

Dawa ilifanya kazi. Kabla hawajatoka hospitali, uvimbe ulikuwa umeshuka, na jicho la Aboth lilifunga tena. Walirudi nyumbani kungoja dozi ya pili. Majirani walikuja kumwona, wakashangaa. Ofumbi pia alikuja. Alimgeuza mtoto uso, huku na huku.

"Amepona," alisema. "Basi imetosha. Mtoto amebaki mifupa. Nywele zimekwisha. Mnataka kumrudisha huko ili watoe damu nyingine?"

Safari hii maneno yake yaliingia moyoni mwa Bartholomew. Msimu wa kupanda ulikuwa umefika, na shamba lilikuwa linangoja. Alimwambia Harriet, "Pengine tungoje kidogo. Uvimbe ukirudi, tutakwenda."

Harriet hakubishana naye. Alimpigia simu nesi Hamidah, na Hamidah akaja mpaka pale nyumbani. Aliwakuta ndugu wote wawili wamekaa uani.

"Baba Aboth," Hamidah alisema, "ukikata magugu juu na kuacha mizizi, shamba limekuwa safi?"

"Hapana. Yataota."

"Kansa hii ni hivyo hivyo. Uvimbe umetoka machoni petu. Mwilini bado imebaki. Watoto wanaoachishwa dawa katikati, ugonjwa unarudi, na ukirudi ni mgumu kutibu kuliko mwanzo. Tena nawaambieni jingine. Dawa hii inapunguza nguvu ya mwili kupigana na magonjwa. Aboth akipata homa, msingoje kesho. Mleteni mara moja."

"Wewe umelipwa na Wazungu," Ofumbi alisema.

"Mimi nalipwa na serikali, mzee, tena kwa kuchelewa," Hamidah alijibu. "Na nimezaliwa Tororo. Watoto wanaokufa kwa ugonjwa huu ni wetu. Nisiposema mimi, nani aseme?"

Ofumbi alisimama. "Bartholomew, mwambie mkeo huyu mtoto haendi."

Bartholomew naye alisimama.

"Kaka, nimekusikiliza tangu nikiwa mdogo," alisema. "Leo hapana. Mtoto anakwenda, na mimi ndiye nampeleka."

Ofumbi alikaa miezi mingi bila kufika nyumbani kwao. Jambo hilo lilimuuma Bartholomew sana. Lakini kila tarehe ya hospitali ilipofika, pikipiki ilikuwa tayari. Mchana mmoja Aboth alipata homa, na mvua ilikuwa inanyesha. Barabara ilikuwa tope tupu. Harriet alimbeba mtoto, Bartholomew akasukuma pikipiki mpaka palipo na lami. Walifika hospitali kwa wakati. Aboth alilazwa, akapewa dawa ya maambukizi, akapata nafuu.

Shamba lao mwaka ule lilikuwa dogo. Walikula kwa shida. Lakini Aboth alimaliza dozi zote. Nywele zikaota. Akarudi shule. Vipimo vilipofanywa tena, kansa haikuonekana.

Mwaka uliofuata, gari lilisimama kwenye uwanja wa kanisa Merikit. Walishuka Dokta Damalie, daktari mmoja kutoka Kenya, Hamidah na Mubarak. Watu walijaa. Ofumbi alikuwepo, amekaa nyuma. Madaktari walisema walichopata, na mwalimu wa shule akatafsiri kwa Dhopadhola. Walisema watoto wengi wanafika hospitali wamechelewa, baada ya kung'olewa meno. Kuhusu swali kubwa, kwa nini huyu na si yule, Dokta Damalie alisema, "Bado hatujui. Tunaendelea."

Kisha akaeleza kwamba utafiti unataka wazazi wa pande zote mbili za mpaka, wakae kwenye kamati na kuuchunguza. Watu wakamgeukia Harriet.

"Nitakaa," Harriet alisema. "Lakini nitauliza maswali ambayo hamyapendi."

Mkutano wa kwanza wa kamati ulifanyika Busia, upande wa Kenya. Mezani walikaa madaktari, wazazi wa Uganda na wazazi wa Kenya. Kwenye ukuta kulikuwa na skrini, na ndani yake wataalamu wa Ulaya. Karatasi mpya ya kuomba ruhusa ya wazazi iligawiwa. Mwenyekiti aliomba ipitishwe haraka, kwa sababu muda ulikuwa mfupi.

Harriet aliigeuza mbele na nyuma. Yote ilikuwa kwa Kiingereza. Alimtazama mama aliyekaa karibu naye, Alungat, ambaye mwanawe pia alitibiwa Burkitt. Alungat alitikisa kichwa; naye hakuielewa.

"Hii haipiti," Harriet alisema.

"Tutawaeleza wazazi kwa mdomo," mwenyekiti alisema.

"Mdomo nimeuona. Ndio ulioniambia kule hospitalini kwamba ni kawaida tu. Mama anayeombwa damu ya mtoto wake aisome mwenyewe, au asomewe kwa lugha anayoijua. Mpaka hapo, mimi na mwenzangu hatukubali."

Wataalamu kwenye skrini walitazamana. Dokta Damalie aliinua mkono.

"Mimi nakubaliana na Mama Aboth," alisema.

Karatasi ikarudishwa. Ilipokuja tena, ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili, Dhopadhola, Ateso na Lusamia, lugha za watu wa pande zote mbili za mpaka. Harriet aliweka kidole kwenye neno la kwanza, akaisoma yote mpaka mwisho. Madaktari wa nchi tatu walikaa wakimngoja. Kisha akainua uso.

"Sasa," alisema, "tunaweza kuanza kuzungumza."