Hodi ya Fundi Cheche

Mwali wa hita ya gesi ulikuwa wa buluu, umesimama vizuri, lakini maji yaliyotoka bombani yaligandisha vidole.

Fundi Cheche alikuwa amekagua kila kitu. Mtungi wa gesi mzito, betri za kuwashia mpya, chujio la maji safi. Alikuwa ametengeneza hita katika miji mingi, nyingine zikamuunguza nyusi, na nyusi za kushoto mpaka leo zilikuwa hazijaamua kama zitarudi. Hii ilimshinda. Naye alitaka kuwahi nyumbani, maana kila alasiri mkewe alimwogesha mjukuu wao wa siku kumi na mbili, na kazi ya babu ilikuwa kumpokea na taulo.

Basi akafanya mzaha aliowafanyia wateja wote. Akagonga kifuniko cha hita mara tatu.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," kikajibu kitu ndani ya hita.

Sauti ilikuwa ndogo, ya majimaji. Bafu likajaa harufu ya nywele zilizolowa siku nyingi. Mama mwenye nyumba, aliyesimama mlangoni, hakucheka.

"Fundi," alinong'ona, "umelibishia hodi?"

"Nilikuwa natania, mama."

Mama akamweleza kwa sauti ya chini kwamba dude hilo limo humo tangu mwezi uliopita, linakula joto, na kwa kuwa hakuna aliyelisemesha, lilitulia. Kwenye simu hakusema. Fundi gani angekuja?

Cheche akagusa mwali kwa kidole. Ulikuwa baridi.

"Hapa joto limekwisha," sauti ikamwambia, sasa karibu na sikio lake. "Wewe umekuja kwangu. Na mimi nakuja kwako."

Akaacha spana, akaacha begi, akakimbia huku tumbo likimtangulia, simu ikiita na kuita bila kupokelewa kwa kuwa mkewe hashiki simu akiwa na mikono ya sabuni, akapita watu waliomcheka na wengine waliompisha, na ile harufu ya nywele mbichi ikawa nyuma yake, kisha ubavuni, kisha, alipofika kona ya mwisho, ikawa mbele, mpaka akazifikia ngazi za nyumba yake, akafungua kinywa apige kelele kwamba asiitike mtu, asiitike kabisa, na sauti haikutoka, kwa sababu wakati huohuo aliisikia ndani ya nyumba, sauti yake mwenyewe, na ule mzaha wake.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, babu," mkewe akaitikia kutoka bafuni, kama kila siku. "Fanya haraka, maji yamepoa ghafla. Mpokee mtoto."

Cheche alishika kitasa. Kiligandisha vidole, na hakikuzunguka.

"We mzee," mkewe akasema kule ndani, "mbona mikono yako baridi hivi?"