Bangili Iliyoogopa Wimbo

Bangili ililia mara mbili, kwa sauti ndogo kama ya kifaranga, na nyumba nzima ikaitika. Taa zikafifia. Vioo vya madirisha vikajitia weusi. Kuta zilizojazwa povu la kumeza sauti zikameza hata mlio wa friji. Jikoni, mlezi-chuma, roboti mwenye mikono ya sponji, akajibandua ukutani na kuteleza kuelekea sebuleni alikokaa Nyemo.

"Dhoruba itafika baada ya dakika tisa," alisema. "Tafadhali, sogeeni mbali naye."

Haikungoja tisa. Baada ya nne tu Nyemo alikuwa chini, anajipiga kichwa na kupiga mayowe, meno yamezama kwenye sponji. Ilipopita akalala palepale sakafuni, amechoka kama mtu aliyelima kutwa.

Nyemo alikuwa na miaka kumi na tano. Alizaliwa na usonji, aliogopa sana mambo yanayobadilika ghafla, na alijua kwa kichwa ukubwa wa kila tangi la maji la mtaa wao pale Dodoma. Mama yake, Perusi, alikuwa mhandisi wa mishipa ya fahamu. Ile bangili-tabiri aliiunda mwenyewe kwa ajili ya huyu mtoto mmoja. Ilisoma jasho, mapigo ya moyo na sauti, ikavilinganisha na dhoruba zilizopita, ikatabiri ijayo. Sasa watoto elfu mbili walikuwa wanaivaa.

Siku hiyo Perusi alikuwa amemaliza ngazi ya pili. Hiyo isingetabiri tu. Ingepitisha umeme mdogo mwilini na kuzima fadhaa kabla haijawaka. Watoto waliojaribiwa walitulia, na wengine wakatulia mno, wakaacha hata kuuliza maswali. Tena ikishawashwa, mishipa huizoea, haizimwi.

Aliyaeleza haya kwa mama yake, Damari, huku akikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Alisema nguvu zimemwishia. Alisema kesho asubuhi ataiwasha.

Damari aliinuka. Alikwenda bandani nyuma ya nyumba, kwenye jiwe lake la kusagia mtama. Perusi alishamwambia mara nyingi kuwa unga unauzwa, na kila mara alijibiwa kwamba unga wa dukani hauna mtu ndani yake. Mtandao wa nyumba haukufika bandani. Huko Nyemo alipenda kukaa, akivuma kwa pua, mdomo umefungwa, mchana kutwa.

Bibi akarudi na vibuyu viwili, akaviweka mezani.

"Nyemo akianza kuvuma, natia mbegu ya boga," alisema. "Dhoruba ikimpata, ile mbegu naipaka masizi. Hiki ni cha humu ndani. Hiki cha bandani."

Perusi akavimimina. Cha ndani kilikuwa na mbegu kumi na tisa, kumi na saba nyeusi. Cha bandani, ishirini na mbili. Nyeusi zilikuwa tatu. Akazihesabu tena.

"Umeanza lini hii kazi, Mama?"

"Tangu mvua za kwanza."

"Na hukuniambia?"

"Ungeniuliza nimesomea wapi."

Perusi akacheka, ingawa hakutaka. Kisha akasema kwamba mvumo ndio dalili aliyoifundisha bangili kabla ya zote, maana kila dhoruba ilitanguliwa na mvumo.

"Mwanangu," Damari akasema, "wanawake wa kwetu wote wakisaga huimba. Mtama ukiwa mgumu, wimbo unapanda. Hakuna aliyewahi kusema wimbo ndio unaoufanya mtama kuwa mgumu."

Perusi akakumbuka ule mwaka wa kuifundisha bangili, alivyokesha na rekodi masikioni. Aliuchagua mvumo kwa sababu ndiyo sauti aliyoiogopa kuliko zote.

Asubuhi ndege-maji, ile isiyo na rubani inayojaza matangi ya mtaa, ilikuja saa nzima kabla ya wakati wake. Nyemo akasimama dirishani, vidole vikamcheza, akaanza kuvuma. Perusi akawahi simu yake. Akaziamuru taa zisifife na kuta zisinyamaze, na kumrudisha mlezi-chuma mahali pake. Bangili akaiacha isome tu.

Kwenye simu mkononi mwake, namba ya utabiri wa dhoruba ikapanda. Sitini. Themanini. Nyemo akaanza kujipiga paja. Tisini. Kidole cha Perusi kilikuwa juu ya kitufe cha ngazi ya pili. Alimtazama mama yake amwambie la kufanya. Damari alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, anavuma na mjukuu wake, chini kidogo ya sauti yake.

Tisini na nne. Ikakaa hapo. Ikakaa tena. Halafu ikashuka, polepole, kama maji kwenye tangi lenye ufa.

"Lita mia nane," alisema Nyemo. "Imejaza nusu. Itarudi." Kisha, akiutazama ukuta, akaongeza, "Leo nyumba haikunikatiza."

Perusi akakaa chini. "Huwa inakukatiza?"

"Kila mara. Nikifika katikati taa zinazimika. Inabidi nianze upya, na mwanzo siuoni."

Kwa miaka miwili bangili ilikuwa ikishinda tuzo. Wiki hiyo Perusi aliwaandikia wazazi wa watoto elfu mbili, mmoja mmoja, akawaeleza kosa lake bila kulipamba. Ngazi ya pili akaifungia. Bangili akaifundisha jambo jipya: ikisikia mvumo, inyamaze.

Dhoruba hazikuisha. Alhamisi ilikuja moja nzito, sahani mbili zikaenda. Lakini ilikuwa moja, na ilipopita Nyemo alikula.

Jumamosi Perusi alipiga magoti mbele ya jiwe kwa mara ya kwanza tangu utoto wake. Mikono ilimuuma mapema. Alijaribu kuvuma, akapotea, Damari akajifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa khanga. Nyemo alichota unga kwa vidole viwili, akausugua.

"Una chenga," alisema. "Huu wape kuku. Na unavuma haraka mno."

Perusi akatia mtama mwingine juu ya jiwe, akaanza upya, na hakuna aliyemkatiza.