Kompyuta Kuukuu ya Pembeni

Lifti ilijaa watu pomoni, naye fundi wa mtandao kakumbatia kompyuta kuukuu ya kwenda kutupwa, binti wa gauni la samawati alipomkanyaga.

"Pole, kaka. Hiyo usiitupe, naihitaji."

"Hii kobe, dada?"

"Kobe naye hufika."

Fundi akacheka, moyo ukamdunda. Binti alikuwa mpimaji. Aliunganisha kompyuta za kila aina, mpya na zilizochoka, zikokotoe kwa pamoja utabiri wa mafuriko, kisha akapima kasi yao. Inayomaliza mapema aliiongezea kazi, dhaifu akaiachia kidogo, hakuna iliyokaa bure. Fundi alimtazama mpaka akasahau nyaya mkononi. Akili tamu namna ile hakuwahi kuiona! Haikuchukua muda, wakawa wapenzi wa kupigiana simu asubuhi na jioni.

Ikafika siku ya kupima mbele ya wakurugenzi, waamue kama mradi uendelee au ufungwe. Fundi, kwa kutaka kumfurahisha mpenzi wake, akachomoa ile kobe kimyakimya, akachomeka mpya.

Mambo yakatumbukia nyongo. Kasi ikapanda, ikapita mbali ile aliyoandika binti kwenye ripoti.

"Tuamini ipi, binti?" mkurugenzi akauliza. "Au unatupikia namba?"

Binti alipoiona mashine mpya pembeni, macho yalimjaa machozi.

"Ni wewe?"

"Nilitaka ung'are, mpenzi."

"Umenifanya mwongo! Ukibadilisha kinachopimwa, kipimo changu kina maana gani? Usinipigie tena."

Fundi alipiga, hakupokelewa. Basi akaibeba kobe mpaka ofisini kwa wakurugenzi, jasho likimtiririka.

"Aliyeharibu ni mimi. Nifukuzeni mkitaka, lakini pimeni tena."

Wakapima. Kasi ikashuka, ikatua palepale alipoandika binti. Mradi ukapita, fundi akaondoka na karipio.

Jioni simu ikalia.

"Wamekufukuza?"

"Wamenifokea tu."

"Afadhali. Kwa nini hukuniuliza, mpenzi?"

"Niliogopa wasione ulivyo hodari. Ujinga wangu. Kuanzia leo nitauliza kwanza. Naanza sasa hivi. Utakubali nikuoe?"

Fundi akasikia feni za kompyuta zikivuma upande wa pili.

"Nimekubali. Ila mama yangu ukamwombe mwenyewe, na ujiandae, maana maswali yake wakurugenzi hawaoni ndani."