Aliyekufa Maji Kwenye Shimo Kavu

Afisa mipango wa wilaya alikufa maji ndani ya shimo ambalo halikuwa na maji.

Mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima. Shimo lilikuwa bondeni, katikati ya shamba la maharage, kina chake kifuani kwa mtu mzima, upana wa kumtosha mtu mmoja na sepeto lake. Alikutwa asubuhi, amelala kifudifudi, nguo zimelowa chapachapa, jeraha dogo juu ya sikio. Mchana daktari alimpigia simu Sajini wa upelelezi.

"Jeraha halikumuua. Amekufa maji. Mapafu yamejaa."

"Daktari, nimeingia shimoni mwenyewe. Nimetoka na tope kwenye soli, basi."

"Mimi nakwambia nilichokiona. Mengine ni kazi yako."

Marehemu watu walimwita Futikamba, kwa sababu hakuamini kipimo cha mtu mwingine. Wiki hiyo mezani kwake palikuwa na ombi la wilaya la kubadilisha matumizi ya bonde lile, kutoka kilimo kwenda makazi. Zingejengwa nyumba mia mbili. Ilisubiriwa saini yake tu, naye alikataa kuiweka kabla hajaukagua udongo kwa macho yake.

Pale shimoni Sajini aliona mambo mawili ambayo hakuyaelewa. Kwanza, ukutani palikuwa na mstari wa tope uliozunguka pande zote, usawa wa paja. Pili, upande wa chini wa mteremko maharage yalikuwa yamelala, majani yake yamepakwa udongo wa kijivu uliokauka.

"Alizamishwa kwingine, akaja kutupwa hapa," alisema Konstebo, dada mmoja mwepesi wa kuamua. Akanyoosha kidole kwenye bwawa la kumwagilia, la mkulima aliyelima bonde hilo maisha yake yote.

Mkulima ndiye aliyeukuta mwili. Na ni yeye aliyesimama kwenye mkutano wa nyumba hizo, mbele ya watu wote, akasema atakayeleta tofali pale atazikwa nalo. Kufikia saa tisa alikuwa kituoni.

"Toroli lako limeoshwa leo asubuhi," alianza Sajini. "Kwa nini?"

"Nilibebea samadi, afande. Nisipoliosha, nilale nalo chumba kimoja?"

"Ulisema utamzika mtu na tofali."

"Nilisema. Na watu wakapiga makofi. Mbona wapiga makofi hamjawakamata?"

"Mzee, mtu amekufa."

Mkulima alitazama mikono yake. "Najua amekufa. Mimi ndiye niliyemgeuza uso. Juzi alikaa kwenye jiwe langu pale, akaniambia, 'Mzee, huu udongo sina imani nao.' Alikuwa upande wangu yule. Nimuue nipate nini?"

Nje ya kituo jamaa za marehemu walikuwa wamejaa. Mmoja alikuwa akipiga kelele kwamba polisi wawape mzee huyo, kesi wataimaliza wenyewe. Konstebo alifunga dirisha. Sajini alijua kwamba mlango ule hauwezi kuzuia watu wengi kiasi kile siku mbili mfululizo. Akamrudia daktari kwa simu.

"Hayo maji ya mapafuni yana nini?"

"Udongo laini, wa kijivu."

"Hakuna majani? Ukijani wowote?"

"Hakuna."

Bwawa la mkulima lilikuwa limefunikwa na magugu mpaka vyura walitembea juu yake. Mtu aliyezama humo angetolewa na mboga mdomoni.

Asubuhi iliyofuata dereva wa boza la maji alikuja kituoni mwenyewe, kofia mkononi.

"Afande, nasikia mmemshika mzee. Juzi alasiri Bwana Futi alinikodi. Nilimwaga maji kwenye lile shimo mpaka akasema basi."

"Maji ya nini?"

"Sikuuliza. Alisema atakaa hapo ayatazame. Nikasema moyoni, huyu elimu imemzidi."

Sajini na Konstebo walikwenda msibani. Mjane alikuwa amekaa chini, watoto wake watatu wamemwegemea. Aliyekuwa akihangaika na viti na wageni ni kaka yake wa kuzaliwa, mpima udongo wa wilaya. Kazi hiyo aliipata kwa kushikwa mkono na marehemu shemeji yake. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimpa dada yake kikombe cha maji, akakishikilia mpaka alipokunywa, ndipo akatoka nje. Sajini akamuuliza marehemu alitakia nini maji shimoni.

"Hicho ni kipimo, afande," alisema. "Nyumba za pale zitakuwa na mashimo ya maji machafu. Kwa hiyo unachimba, unamwaga maji, unatazama ardhi inavyokunywa. Isipokunywa, uchafu unapanda, unaingia visimani. Mimi nilishapapima. Udongo ule unakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Saa moja tu, shimo kavu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aliteleza, akajigonga, akazama. Maji yakanywewa na ardhi. Ajali. Mwachieni yule mzee wa watu."

Kila kitu kikakaa mahali pake. Konstebo alishusha pumzi. Sajini alitoa pole, akatembea mpaka getini, mkono tayari uko kwenye komeo. Hapo akakumbuka maharage. Ardhi ikinywa maji huyapeleka chini. Ni nani basi aliyeyalaza maharage?

Akarudi. "Kesho asubuhi nitamwaga maji tena. Naomba uje unisaidie kusoma kipimo."

"Afande, tuko msibani."

"Nenda, kaka," alisema mjane kutoka mlangoni. "Na mimi nakuja. Nataka nipaone."

Boza lilijaza shimo mpaka kwenye mstari wa tope. Ilikuwa saa tatu. Mkulima, aliyeachiwa alfajiri, alileta vigoda akasimama mbali kidogo. Wakakaa kutazama maji.

Saa nne maji yalikuwa kwenye mstari. Saa sita yalikuwa kwenye mstari, na nzi wawili wameelea juu.

"Mngeniuliza mimi ningewaambia bure," alisema mkulima. "Hapa hata mkojo wa sungura hauzami."

Hakuna aliyecheka. Mjane aliyatazama maji, kisha akamtazama kaka yake.

"Kaka, ulisema saa moja."

"Udongo umeshiba, dada. Ulimwagiwa maji siku ile."

"Na siku ile ulikuwa na njaa?" aliuliza Sajini. Akainuka, akachukua ndoo ya mkulima, akachota, akamwaga kwa nguvu upande wa mteremko. Maji yakaruka, yakatua kwenye maharage. Maharage yakalala, yamepakwa kijivu, sawasawa na yale yaliyolala kabla.

Mkulima alishika kichwa. "Lahaula!"

"Maji hayakunywewa," alisema Sajini. "Yalichotwa. Nimejiuliza tangu jana, muuaji gani anakaa kuchota maji badala ya kukimbia? Angeyaacha, mimi ningeandika ajali nikaenda kula. Lakini maji hayo yalikuwa na ushahidi dhidi ya mtu mmoja tu, yule aliyeandika kwamba hapa maji hayakai."

Konstebo aliyekuwa akiandika aliacha kuandika.

"Kaka?" alisema mjane.

"Nilimkuta amekaa hapa," alisema mpima udongo, akitazama maji. "Hayajashuka hata kidole. Akaniambia, 'Shemeji, hapa hukupima.' Nikakubali. Nilidhani atanigombeza, yaishe. Akaniuliza, 'Na mtaa wa juu?'"

Mtaa wa juu kila mtu aliujua. Nyumba mpya, visima vipya, na ugonjwa wa kuhara ambao hakuna aliyejua ulitoka wapi.

"Mtaa wa juu nao hukupima?" Mjane alinong'ona.

"Kupima ni kukaa siku nzima unatazama shimo, dada. Jua la utosi, peke yako. Nilichoka. Nikawa naandika tu kutoka ofisini, na miaka yote hakuna aliyeuliza." Alijifuta uso. "Alisema kesho yake anakwenda kusema. Nikaona yale makaburi yote ya mtaa wa juu yananijia mimi. Nilimsukuma. Sikumpiga, Mungu shahidi. Kichwa kiliangukia sepeto, akaingia majini."

"Wewe ulikuwa wapi?" aliuliza Sajini.

"Hapa."

"Karibu hivi?"

"Hapa hapa. Nilidhani ameshakufa."

"Alikuwa anavuta maji. Daktari ameyakuta." Sajini aliweka ndoo chini. "Ulipata nguvu ya kutoa maji yote haya shimoni, naye yumo humo humo miguuni pako. Mtu mmoja ukashindwa kumtoa."

Mjane hakulia. Alisogea akasimama mbele ya kaka yake, akamtazama mkono wa kulia kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.

"Mkono huu ndio ulionishikia kikombe jana?"

Konstebo alimfunga mpima udongo pingu.

Bonde halikubadilishwa matumizi. Wilaya ilituma watu wengine mtaa wa juu, wakachimba, wakamwaga maji, na safari hii wakakaa.

Hasara ya yote haya ni hii. Amekufa mwanamume mmoja aliyekataa kusaini asichokiona. Mjane hana mume wala kaka. Watoto watatu hawana baba, na mjomba wao hatajwi nyumbani. Mpima udongo amefungwa maisha. Visima vyote vya mtaa wa juu vimefukiwa, na familia themanini zimehama na vyombo vyao kichwani. Watoto wanane wa mtaa huo walikuwa wameshazikwa kabla Futikamba hajachimba shimo. Mkubwa wao alikuwa na miaka sita.