Mstari kwenye Kijiko

Kipande kilichobanwa kwenye ncha ya kibanio kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, na mkono ulioshika kibanio hicho ulikuwa wa mtu wa miaka sabini. Kilikuwa kioo cha pembeni cha gari la plastiki. Mkono ulikatiza meza, ukashuka, ukakiegesha kioo kwenye tone la gundi mlangoni, ukatulia hapo sekunde tisini ili gundi ishike. Haukutikisika hata mara moja.

Leokadia Mkude alizihesabu sekunde hizo. Mkono ulikuwa wa baba yake, lakini utulivu ulikuwa kazi yake yeye.

Glavu tulizi alizovaa mzee zilikuwa nyembamba kama soksi za nailoni. Kila moja ilikuwa na mota sitini na nne ndani ya kitambaa, zenye ukubwa wa mbegu ya ufuta. Vihisio vilisoma vidole mara elfu moja kwa sekunde, na kichujio kikatenganisha msogeo aliokusudia mwenye mkono na mtetemo asioukusudia. Uliokusudiwa uliachwa upite. Mtetemo ulisukumwa na mota upande wa kinyume, ukafa kabla haujaonekana. Wapasuaji walizivaa, mafundi saa walizivaa, hata wachoraji hina wa Tanga walizivaa. Mpaka mwaka huo wa 2079 watumiaji walikuwa elfu arobaini na moja, na kichujio hicho kilikuwa kimemgharimu Leokadia miaka sita katika maabara moja mjini Morogoro.

"Unahesabu tena," alisema Mzee Apolinari bila kuinua macho.

"Umejuaje?"

"Nakusikia. Tangu darasa la pili ukihesabu unapumua kwa pua kama mbuzi."

Leokadia akavuta kiti. Alikuwa amekuja nyumbani kwa wazazi wake, Kigurunyembe, asubuhi hiyo ya Jumamosi akitafuta kitu kimoja tu: tarehe.

Miezi minne nyuma, mwezi wa pili, betri ya glavu ilikufa baba akiwa katikati ya kazi. Kibanio kiliruka, kikaanguka sakafuni. Mzee aliutazama mkono wake ukicheza juu ya meza kama kitu cha mtu mwingine. Madaktari waliupa ugonjwa jina na kusema una tiba moja, kupandikizwa chembe changa za ubongo, lakini kwa sharti. Chembe hizo hushika iwapo mgonjwa hajapitisha miezi ishirini na minne tangu mtetemo wa kwanza. Kamati ya hospitali ilitaka ushahidi wa siku ulipoanza, nayo ingekutana Jumanne.

Mtu yeyote angedhani ushahidi huo umo kwenye glavu. Haukuwamo. Leokadia alipotengeneza kichujio aliamua kwamba mtetemo ni takataka, na takataka haihifadhiwi. Uamuzi ule ulipunguza uzito wa betri kwa gramu kumi na moja, naye aliusimulia kwenye mikutano mitatu.

"Baba, kabla ya mwezi wa pili hukuwahi kuona chochote? Kikombe, kalamu, vifungo vya shati?"

"Kalamu nani anashika siku hizi? Na asubuhi mpaka jioni nimo ndani ya glavu zako. Zinanipa joto kwenye vifundo."

Mama yake, Fortunata, alikuwa amekaa dirishani akichambua mchele. "Akizivua ni kuoga na kula," alisema. "Na kwenye rangi. Rangi anasema lazima iguswe na mkono mtupu."

"Rangi ikiingia kwenye kitambaa haitoki," alisema mzee. "Tena brashi unaisikiliza kwa ngozi."

Gari lililokuwa mezani lilikuwa la kipimo cha moja kwa ishirini na nne, refu kama kiganja na nusu. Mashine za mjini zilikuwa zikichapa gari la namna hiyo kwa dakika tisa, tayari na rangi yake. Mzee Apolinari alikuwa amelinunua kwa njia ya zamani, seti ya vipande vilivyoshikamana na fremu zake kama matunda kwenye kikonyo, ndani ya boksi lililokaa ghalani miaka arobaini. Kila kipande alikikata, akakisugua kwa msasa, akakijaribisha kikavu kabla ya gundi. Tena hakukubali gari lililochorwa juu ya boksi. Seti ilikuwa ya gari dogo la milango minne. Yeye alikata paa nyuma ya viti vya mbele, akaziba mgongo kwa bamba la plastiki, akapaka puti ya kuziba nyufa kwenye maungio, akainua springi milimita tatu, akajenga kichanja cha nyuma kwa vijiti vyembamba. Alikuwa akiligeuza kuwa pikapu aliyoiendesha miaka kumi na tano, akishusha kabichi kutoka Nyandira, hadi sheria ilipowaondoa binadamu kwenye usukani. Usukani wenyewe ulikuwa pale, duara lenye upana wa kifungo cha shati. Wajukuu zake walikuwa hawajawahi kuona gari lenye kitu hicho.

"Anaifanya nzuri kupita ilivyokuwa," alisema Fortunata. "Ile ilitulaza Mzumbe mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mara sita, Baba Leokadia. Mara ya sita nina mimba ya huyu."

Leokadia alikuwa bado kwenye neno moja, rangi. "Rangi unaijaribia wapi?" aliuliza. "Kabla hujaipaka kwenye bodi?"

"Kwenye kijiko, kama kila mtu."

Alivuta droo. Vijiko vya plastiki vilikuwa vimepigwa marufuku zamani, lakini mzee alikuwa na katoni nzima aliyoiokota kwenye ukumbi wa harusi uliovunjwa. Mgongo wa kijiko una mbinuko kama boneti ya gari, alieleza, kwa hiyo rangi inakaa juu yake kama itakavyokaa kwenye gari. Kila alipochanganya rangi mpya alipaka kijiko, akakiacha kikauke, kisha akapitisha juu yake mstari mmoja mwembamba wa rangi nyeupe, kwa mkono mtupu, kuona kama rangi ya chini inaukubali. Kwenye mpini aliandika mchanganyiko na tarehe.

"Vyote vina tarehe?"

"Nitajuaje nilichanganya nini?" Uso wake ulichangamka. "Kumbe ndio ushahidi wenyewe. Wapelekee kamati. Waone mkono ulikuwa unapiga mstari kama rula hadi juzi juzi."

Leokadia alivipanga vijiko mezani kwa tarehe, sitini na saba, safu moja baada ya nyingine, akawasha lenzi ya kupimia. Hakuanza na kijiko cha mwisho kurudi nyuma, ingawa alitamani. Alianza mwanzo, kama inavyotakiwa.

Mistari ya mwaka 2075 ilikuwa minyoofu. Ya mwanzo wa 2076 ilikuwa minyoofu. Septemba ya mwaka huo alikuwa amempa baba yake glavu, zawadi ya kutimiza miaka sitini na minane, na kijiko cha mwezi ule kilikuwa kinyoofu pia. Kijiko cha tarehe 14 Novemba 2076, rangi ya maziwa iliyotiwa njano kidogo, kilikuwa na mstari wenye mawimbi. Kwa jicho tupu usingeyaona. Chini ya lenzi yalikuwa matano, yenye nafasi sawa, kama meno ya msumeno uliochakaa. Kijiko kilichofuata kilikuwa nayo. Kilichofuata pia. Kufikia 2078 hayakuhitaji lenzi.

Alipima mara mbili. Kisha akampa baba yake mkononi kile cha Novemba.

Mzee akakigeuza kwenye mwanga. "Hiki nakikumbuka," alisema. "Nilisema ni brashi. Nikanunua nyingine." Akatazama safu zilizobaki. "Nimenunua brashi tisa. Yule kijana wa dukani nilimtukana, nikamwambia anauza manyoya ya paka."

"Ni miezi thelathini na moja, Baba."

"Na wao wanataka ishirini na nne."

"Ndiyo."

Fortunata aliweka ungo chini. Alikuja mezani, akatazama vijiko, akamtazama binti yake. "Hivi vya nyuma kamati imeviona?"

"Hapana, Mama."

"Basi wasivione. Toa hivyo kumi na vingapi, peleka vilivyobaki. Nani atajua?"

"Ubongo utajua," alisema Leokadia. Alisikia namna sauti yake ilivyokuwa kavu, ila hakuwa na nyingine. "Walishajaribu kwa watu tisa waliopitisha muda. Chembe hazikukaa mahali pake. Sita walianza kujirusha mwili mzima, mchana na usiku, na haikukoma."

"Na watatu?" aliuliza mzee.

"Walibaki walivyokuwa."

"Aliyepona?"

"Hakuna."

Mzee Apolinari alikirudisha kijiko cha Novemba kwenye safu yake. Halafu akakusanya vijiko vyote sitini na saba, akavitia kwenye bahasha, akaandika juu yake neno Kamati. Alikuwa bado na glavu. Mwandiko ulitoka kama wa kitabu.

"Wape vyote," alisema. "Wasije wakakaa Jumanne nzima wananijadili bure."

Leokadia alitoka uani na simu. Aliandika agizo la mistari minne: kuanzia saa hiyo, kichujio katika glavu zote kitahifadhi mtetemo kinachoutupa, na kitamwonyesha mwenye mkono. Alikuwa na mamlaka ya kulituma peke yake, lakini kwa adabu alimpigia kwanza mkurugenzi wake, Bwana Mbonde.

"Leokadia, fikiri," alisema Mbonde. "Kesho watu watajua tumewafichia ugonjwa. Jumatatu hatuna kampuni."

"Jumatatu kuna watu watakuwa na miezi ishirini na tatu."

"Mzee anaendeleaje?" aliuliza Mbonde, kwa sauti nyingine.

"Ana thelathini na moja," alisema, akatuma.

Aliporudi ndani, baba yake alikuwa amemwaga vipande vilivyobaki juu ya gazeti na kuvigawa mafungu mawili.

"Wewe ni mtu wa hesabu," alisema. "Nipe yangu. Nina miezi mingapi ya mkono?"

Leokadia hakumzungusha. "Bila glavu, kazi ndogo kama hii, hakuna. Na glavu, kumi na minne. Baada ya hapo mtetemo utakuwa mkubwa kuliko nguvu za mota."

"Kumi na minne." Mzee alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa umbali wa safari. "Basi milango haitafunguka. Nilitaka ifunguke, nilishaanza kuchonga bawaba." Akasukuma vipande viwili kwenda fungu la kushoto. "Injini nayo basi. Boneti itafungwa kwa gundi, nani ataifunua? Kabichi nitatengeneza. Pikapu bila kabichi si yangu."

"Nikusaidie kukata?"

"Ulishawahi kukata kipande kwenye fremu?"

"Hapana."

"Utakata mbali na kipande, siyo karibu. Halafu msasa. Mkikata karibu, ninyi wenye haraka, plastiki inang'oka na nyama yake."

Akamtengea nafasi mezani. Walifanya kazi hivyo hadi jua lilipopanda juu ya nyumba, Leokadia akikata kabichi za ukubwa wa njegere kutoka kwenye mabaki ya fremu, baba akizipaka gundi. Simu iliunguruma mara mbili. Matokeo ya kwanza yalikuwa yanaingia kutoka kwa watumiaji. Hakuyasoma.

Fortunata alileta chai. Mzee akavua glavu, kwanza ya kushoto, kisha ya kulia, akazilaza ukingoni mwa meza, na mikono yake ikaanza. Leokadia aliiangalia moja kwa moja kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mama akamimina chai, kikombe cha Leokadia hadi ukingoni, chake hadi ukingoni. Cha mzee alikiacha nusu. Mzee akakinywa kwa mikono miwili na hakuna kilichomwagika.

"Mama," aliuliza Leokadia, "unammiminia nusu tangu lini?"

Mkono wa Fortunata ulibaki kwenye mpini wa birika.

"Tangu ile Krismasi," alisema. "Ya sabini na sita. Alikuwa anaimwaga kwenye sahani."

"Hukusema."

"Ningesema nini? Nilimwona mkono unacheza, nikasema niongee na wewe. Halafu akavaa glavu, akakaa pale, akaweka taa ndogo kama kichwa cha sindano kwenye gari, na mkono umetulia tuli." Akalifunika birika kwa kitambaa. "Nikajua macho yangu ndiyo yamezeeka."