Maji ya Betri ya Redio

Kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, Tima alifagia baraza ya duka la baba yake, kisha akaenda nyuma ya kaunta kuitazama betri. Ilikaa ndani ya sanduku la mbao, upande wa ukuta usiopigwa na jua. Tima alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na kazi hiyo aliionea fahari kuliko nyingine zote. Mwaka huo wa 1944, si watoto wengi mjini Kitui waliokabidhiwa betri ya redio.

"Jua la kwetu hili lina kiu, mwanangu," baba yake, Bwana Othman, alimwambia siku alipomfundisha. "Linakunywa maji ya betri polepole. Yakishuka chini ya zile bamba za risasi, betri imeharibika. Kila wiki fungua vifuniko uangalie. Yakipungua, ongeza maji ya mvua yaliyo kwenye chupa ile kubwa. Maji mengine usitie kabisa."

Alimkataza pia kusogeza taa karibu na betri, kwa sababu betri hutoa hewa inayoweza kushika moto. Tena alimwonya asiguse asidi iliyomo ndani yake. Onyo hilo la pili lilichelewa kidogo, maana tone moja lilikuwa limekwisha kutoboa leso ya Tima.

Redio hiyo ilikuwa ya watu wote. Vijana wengi wa Ukambani walikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, wakipigana vita mbali huko Burma. Kila Alhamisi jioni redio ilitoa salamu zao kwa Kikamba, na wazazi walijaa barazani kusikiliza. Aliyesikia jina la mwanawe aliondoka akicheka peke yake njiani. Asiyelisikia aliondoka kimya, na wiki iliyofuata alirudi.

Miongoni mwao alikuwemo mama mmoja mzee aitwaye Kalunde. Alitoka upande wa Nzambani, kwa miguu, kumsikilizia mwanawe Mulei. Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita bila neno lolote kutoka kwake.

Kalunde alifika mara ya kwanza wakati kiangazi kimekaza. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu.

"Shikamoo, nyanya," Tima alimwamkia.

"Marahaba, mtoto yangu. Nipe maji kidogo."

Tima alikwenda mtungini akaukuta mtupu. Mama yake alikuwa bado hajarudi kutoka mtoni, ambako wanawake walichimba mchanga na kungojea maji yajikusanye. Tima alirudi dukani mikono mitupu, akamwona yule mzee ameegemea nguzo na kufumba macho. Moyo ukamuuma. Akaiinamisha ile chupa kubwa, akajaza kikombe.

Kalunde alikunywa taratibu mpaka tone la mwisho. "Haya maji ni tamu sana," alisema. "Kwetu sasa hata ng'ombe inakataa ile ya kisima. Mungu akubariki."

Baada ya hapo Tima angewezaje kumpa maji ya mtoni yenye chumvi? Kila Alhamisi alimpimia kikombe kutoka kwenye chupa. Lakini chupa ilianza kupungua, na mvua zilikuwa bado mbali. Tima akaogopa. Siku moja alichota maji ya mtungini, yale ya mtoni, akaijaza chupa mpaka palepale maji yalipofikia mwanzo. Aliyatazama, yakaonekana safi kama yale mengine. Basi akaendelea kuitilia betri maji hayo, wiki baada ya wiki, na baba yake hakujua.

Halafu Alhamisi moja mtangazaji alisema kwamba wiki iliyofuata ingekuwa zamu ya kikosi cha Mulei. Kalunde aliwashika watu mikono mmoja mmoja. "Mmesikia? Wiki ijayo!" Hata waliomjibu kwamba wamesikia aliwaambia tena.

Alhamisi yenyewe ilipofika, Bwana Othman alifungua redio mapema aijaribu. Ilikoroma kidogo ikanyamaza. Alizungusha vifundo, akakaza nyaya, akaipuliza vumbi. Haikutoa sauti.

"Betri imetoka kuchajiwa Machakos juzi tu," alisema, akijifuta jasho. "Kwa hiyo ubaya uko kwenye redio yenyewe. Musembi anaondoka leo na lori lake. Aipeleke kwa fundi."

Tima alisikia maneno hayo. Alijua ubaya uko wapi. Alitaka kusema, lakini alipomtazama baba yake, akaenda kuleta gunia. Redio ikafungwa kwenye gunia, ikapakiwa kwenye lori. Musembi akawasha gari.

Wakati huohuo Kalunde alitokea, amevaa kanga yake nzuri, na nyuma yake jamaa na majirani. Bwana Othman alimweleza habari yote kwa upole.

"Na hizo salamu," Kalunde aliuliza, "watasema tena siku ingine?"

"Sidhani, mama. Nisamehe."

Kalunde aliketi pale pale barazani. Hakulia wala hakulaumu. Alitazama tu mikono yake. Tima aliona afadhali angepigwa mbele ya soko zima kuliko kuendelea kumwona hivyo.

"Baba!" alipaza sauti. "Si redio. Ni betri. Mimi niliitia maji ya mtoni."

"Maji ya mtoni? Lini?"

"Siku nyingi. Ya mvua nilikuwa nampa nyanya Kalunde anywe, kisha nikajaza chupa usijue." Machozi yakamtiririka.

Bwana Othman alitazama jua lilipofika, kisha akakimbilia barabarani huku kanzu ameishika mkononi.

"Musembi! Zima gari! Teremsha redio! Betri ya lori lako si ya nguvu sawa na yangu?"

"Ni sawasawa," Musembi alijibu akichungulia dirishani. "Lakini mimi nimechelewa, Bwana Othman. Watu wa Machakos wananingoja."

"Machakos haihami, ndugu yangu."

Musembi alimwona yule mzee aliyeketi barazani. Alirudisha lori nyuma mpaka karibu na duka, akazima injini, akainua ubao uliofunika betri.

"Nani anavuta sigara? Zima!" alifoka. "Betri imetoka kazini, iko na hewa ya moto. Mnataka kuchoma mimi na gari yangu?"

Waliunganisha nyaya kwa uangalifu. Redio ikakoroma, ikapata nguvu, na sauti ya mtangazaji ikajaa barazani. Salamu zilikuwa zimekwisha kuanza. Jina likasomwa, likafuata jingine. Kalunde alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika bega la Tima. Kisha wakasikia, "Mulei, mwana wa Kalunde, wa Nzambani."

"Mwaitu," sauti ya kijana iliita, yaani mama yangu, "nĩ nyie Mulei," ni mimi Mulei. Akasema yeye ni mzima, na mguu wake uliokuwa umeumia umepona. Akaomba ng'ombe mwekundu asiuzwe mpaka arudi.

"Nani amekuambia tunauza?" Kalunde aliijibu redio kwa nguvu. Watu wote wakacheka, na wengi wao walikuwa wanalia. Kalunde akajifunika uso kwa kanga. "Yuko," alisema. "Mtoto yangu yuko."

Watu walipoanza kutawanyika, Bwana Othman alimwita Tima mbele ya ile betri. "Chumvi imezila bamba zake," alisema. "Hii haitapona."

Tima aliinamisha kichwa.

"Usimpige," Kalunde alisema.

"Simpigi, mama. Tima, nitazame. Kumpa mgeni maji hukukosa. Ungeniambia, ningempimia mimi mwenyewe na kukusifu, tukatafuta maji mengine ya betri. Kosa lako ni kuijaza chupa ili nisijue. Mimi nikaamini redio ndiyo mbovu, na kidogo tu niipeleke mbali na sauti ya Mulei. Leo umesema kweli mbele za watu, na nimeona ilivyokuwa vigumu. Siku nyingine ukikosa, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado dogo."

"Nisamehe, Baba. Nisamehe, nyanya."

Kalunde alimvuta karibu, akamfuta machozi kwa pembe ya kanga yake.

"Sikia, mtoto yangu. Siku ingine kama maji iko ya chumvi, wewe nipe hiyo ya chumvi. Niambie tu ni ya chumvi. Nitakunywa."