Mkanda wa Kiti cha Katikati

Fundi bomba alilipenda gari lake jipya hata mkewe akalalamika kwa utani kwamba ameletewa mke mwenza. Lilivuta kwa magurudumu yote manne, buti lake lilimeza mabomba na mabegi ya familia pamoja, na mlima wa tope wa kwenda kwao liliupanda bila kuhema. Kasoro ilikuwa moja. Kengele ya mkanda, ile iliyolia kila binti yao alipoufungua wake ili achungulie nje, ililia pia kwa kiti cha katikati nyuma, ambacho hakikukaliwa na mtu.

Fundi hakuwa na subira na kelele. Akaufunga mkanda juu ya kiti kitupu, kengele ikanyamaza, akajiona mjanja.

Tangu hapo gari likanuka nywele zilizoungua. Mkanda ule ulizidi kurefuka, kana kwamba unazunguka tumbo la mtu anayenenepa, na binti akawa anajibana mlangoni. Alipoulizwa, alisema anasukumwa.

Jumapili mchana mvua iliwakuta katikati ya mlima. Magurudumu yote manne yalizunguka bure, milango ikajifunga yenyewe, na vioo vikajaa ukungu wa pumzi zao watatu na ya mwingine, aliyekuwa akihema taratibu huko nyuma.

"Mume wangu, mfungulie," mama alinong'ona. "Mfungulie aende zake."

Fundi akanyoosha mkono, lakini kitufe kilikuwa cha moto kama sufuria iliyotoka jikoni, na kila alipokibonyeza mkanda ulikaza badala ya kuachia, kiti kikalia kwa uzito asiouona, na harufu ikamjaa kooni mpaka akashindwa hata kumwita mwanawe.

"Baba," binti alisema polepole, "anasema hakutaka kukaa. Wewe ndiye uliyemfunga."

Fundi alichomoa kisu chake cha kukatia mipira ya maji, akaukata mkanda. Milango ikafyatuka, harufu ikatoweka, gari likapanda kama zamani. Mama alilia na kucheka kwa pamoja. Binti akafungua mkanda wake, akainama mbele, bado amekaa kitini, kumkumbatia mamake shingoni.

Fundi akangoja kengele ilie. Haikulia. Kwa gari lile, kiti cha binti yake kilikuwa kitupu.

Mama, bado anacheka, akauliza mbona mikono ya mtoto ina moto hivi.